Jina, Kumbukumbu na Mwanamke Jasiri: Masimulizi ya Ukambani na Filamu za Uhuishaji za Kijapani

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki, mhusika wa kike amejadiliwa mara nyingi kama ishara: ama ni mama mlezi, ama ni binti mtiifu anayeolewa na zimwi bila kujua, ama ni nabii anayebashiri makubwa kisha akatoweka. Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, umeelekea kulisahau swali la kihistoria ambalo bila hilo ishara hizo hubaki zikielea hewani: ni mwanamke gani aliyekumbukwa kwa jina, ni yupi aliyesahauliwa, na kwa sababu gani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuzingatia Kitui na Makueni, na yanafanya hivyo kwa kupitia njia ambayo kwa mtazamo wa kwanza huenda ikaonekana ya mzunguko, yaani filamu za uhuishaji za Kijapani ziitwazo anime. Sababu ya kuipitia njia hiyo ni kwamba baadhi ya filamu hizo zimelifanya jina la msichana kuwa kiini cha msuko mzima, na hivyo zinaliweka wazi jambo ambalo masimulizi ya Ukambani hulichukulia kuwa linajulikana na kila mtu, na kwa hiyo hayalisemi.

Mfano ulio bora zaidi ni filamu ya Hayao Miyazaki iliyotolewa mwaka 2001 na kujulikana nje ya Japani kwa jina la Spirited Away. Filamu hiyo ilipata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003, lakini sifa hizo si hoja hapa. Hoja ni jina lake la asili, Sen to Chihiro no Kamikakushi. Neno la mwisho hutaja imani ya zamani ya Wajapani kwamba mtu anayepotea ghafla amefichwa na miungu. Msichana wa miaka kumi, Chihiro, anaingia na wazazi wake katika mji wa mizimu. Wazazi wanakila chakula kisicho chao na kugeuka nguruwe. Naye, ili apate kuishi na hatimaye kuwakomboa, analazimika kuomba kazi katika nyumba ya kuogea ya mchawi Yubaba. Mkataba unapotiwa sahihi, Yubaba anayanyakua maandishi ya jina lake na kumwachia herufi moja tu, isomwayo Sen. Haku, mvulana aliyetangulia kunaswa, anamwonya kwamba anayelisahau jina lake haipati tena njia ya kurudi kwao. Yeye mwenyewe amekwisha kulisahau la kwake. Ni Chihiro anayemkumbusha baadaye kuwa yeye ni mto, Kohaku, ambao ulifukiwa na juu yake yakajengwa majumba.

Msomaji aliyelelewa Ukambani hawezi kuiona hadithi hii kuwa ngeni kabisa. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango katika Kitui (1931–2019), aliandika katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba mtoto wa Kikamba alipewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na siku ya nne baba yake alimvika mkufu. Kabla ya hapo aliitwa kiimu, yaani kitu cha mizimu. Bado alikuwa wa aimu, na hakuwa amehesabiwa kuwa mtu. Kwa maneno mengine, jina na mkufu ndivyo vilivyomvusha kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika filamu ya Miyazaki safari ni ile ile ikielekea kinyume: msichana aliyekwisha kuwa mtu anavutwa kurudi kwa mizimu kwa kunyang'anywa jina, na miongoni mwa vitu anavyorudi navyo ni kamba ya nywele iliyosokotwa na wenzake. Si lazima kudai kwamba tamaduni hizi mbili zimewahi kukutana. Inatosha kutambua kwamba zote mbili zinauona utu kuwa jambo linalotolewa na jamii, na kwa sababu hiyo linaweza kupokonywa.

Mbiti aliyatumia pia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi marehemu anavyoendelea kuishi. Maadamu yupo mtu aliyemjua na anayeweza kumtaja kwa jina, marehemu yumo bado katika Sasa. Akifa wa mwisho aliyemjua, huzama katika Zamani, pasipo na majina. Nadharia hii imehojiwa na wengi, hasa kuhusu madai yake juu ya wakati ujao, na wahakiki hao wana haki. Lakini kuna pengo jingine ambalo limezungumzwa kwa uchache. Kumbukumbu ya jina, kama anavyoieleza Mbiti, hupitia watoto na ukoo. Na ukoo katika Ukambani hufuata upande wa mume. Mwanamke anakumbukwa kwa mlango wa nyumba aliyoolewa. Desturi ya iweto, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto au asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili amzalie nyumba yake, inapasa kusomwa katika mwanga huu. Ni desturi inayompa mwanamke mamlaka makubwa, kwani ndiye anayetoa mahari na ndiye mwenye nyumba. Hata hivyo nyumba anayoiokoa ni ya ukoo wa mumewe. Wanaoitaja kama ushahidi wa uhuru kamili wa mwanamke wa kale wanaharakisha, na wanaoiona kuwa utumwa mtupu wanaharakisha pia.

Majina yenyewe ni hifadhi ya historia. Msichana aitwaye Wayua alizaliwa wakati wa yua, yaani njaa. Syombua alizaliwa mvua ikinyesha. Vivyo hivyo, njaa hupewa majina kana kwamba ni watu. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, "nakufa nikiwa nimeshika", maana watu walikuwa na fedha mkononi na chakula hakikupatikana kununuliwa. Ile iliyo kubwa kuliko zote katika kumbukumbu, iliyoanza mwaka 1897 na kufikia kilele chake 1898 na 1899, iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa haikuacha mahali isipofika. Ukame uliandamana na maradhi ya ng'ombe, kisha ikaja ndui. Wakati huo huo reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kwa Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, kuelekea Nairobi ilikofika mwaka 1899.

Mwanahistoria Charles Ambler, katika Kenyan Communities in the Age of Imperialism (1988), ameonyesha jambo ambalo masimulizi ya kishujaa hayapendi kulisema kwa sauti. Familia nyingi za Ukambani ziliokoka njaa hiyo kwa kuwapeleka wanawake na wasichana katika nchi za milimani, kwa Wagikuyu, Waembu na majirani zao, ama kuolewa ama kuwekwa rehani kwa chakula. Mkataba wa rehani ulikuwa kwamba msichana atakombolewa mambo yakitengemaa. Wapo waliokombolewa. Wengi hawakurudi: waliolewa huko, wakajifunza lugha ya huko, wakazaa watoto ambao hawakuhesabiwa kuwa Wakamba. Iwapo "utambulisho" ni neno lenye maana yoyote katika uhakiki, basi hapa ndipo linapopata uzito wake. Mtu alivuka mto akiwa binti wa Kitui, na miaka michache baadaye alikuwa mke na mama wa Kigikuyu, bila vita na bila amri ya serikali, kwa sababu ya vibaba kadhaa vya nafaka.

Kwa kulinganisha, kisa cha Chihiro hubadilika sura kinaposomwa kutoka Kitui. Watazamaji wa Ulaya na Marekani wamezoea kukiona kuwa hadithi ya kukua, ya mtoto mdekezwa anayejifunza kazi. Usomaji huo si wa makosa. Lakini msingi wa kisa ni chakula na deni: wazazi wamekula, na mtoto ndiye anayelipa kwa kazi yake na kwa jina lake. Yubaba si zimwi la porini. Ni mwajiri mwenye mikataba na daftari, na katika hilo anafanana zaidi na mpokea rehani wa mwaka 1899 kuliko na jitu la hadithi. Tofauti ni kwamba Chihiro anarudi kwao, naye Miyazaki anampa tangu mapema silaha ndogo ya kurudia, kadi ya kuagwa na rafiki zake ambayo juu yake jina lake limeandikwa. Wasichana wa Ngomanisye hawakuwa na kadi.

Je, fasihi simulizi ya Ukambani imeihifadhi habari hii? Jibu linahitaji tahadhari. Miongoni mwa mbano, yaani ngano za Kikamba, zilizokusanywa na Msweden Gerhard Lindblom aliyefanya utafiti huko mwaka 1911 na 1912, na baadaye na Mbiti katika Akamba Stories (1966), eimu ni mhusika mashuhuri: zimwi linaloweza kujigeuza kijana mzuri, likaenda ngomani, likamchukua msichana hadi nchi ya mbali. Ingekuwa rahisi kusema kwamba eimu ni mpokea rehani aliyevikwa manyoya. Kosa la usomaji wa aina hiyo ni kuwa ngano za zimwi na bibi arusi zimeenea Afrika Mashariki yote, na nyingi bila shaka ni kongwe kuliko Ngomanisye. Lililo salama kudai ni dogo zaidi, ingawa lina uzito: kwamba hadhira iliyosimuliwa ngano hizo katika miaka ya 1910 na 1920 ilikuwa na dada na shangazi waliokwenda na hawakurudi, na kwamba sehemu ya msichana kuitambua njia ya kwao haikuweza kusikika masikioni mwao kama mapambo. Mhakiki anayeyachambua maudhui ya ngano pasipo kuuliza ilisimuliwa lini na kwa nani huikosa nusu ya kazi.

Dhidi ya wasichana hao wasio na majina husimama jina moja ambalo kila mtu analijua. Syokimau, nabii wa kike, anasimuliwa kuwa aliwaona kabla hawajafika watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wanaobeba moto mifukoni, na nyoka mrefu atakayetambaa kutoka bahari hadi maji ya upande wa pili. Nyoka ni reli; moto ni kibiriti. Jina lake limepewa mtaa na kituo cha reli kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, na tangu mwaka 2017 kituo kikuu cha Nairobi cha reli mpya kiko papo hapo Syokimau. Abiria anayepanda Kibwezi au Emali anashukia katika ardhi yenye jina la nabii aliyemtabiri nyoka anayempanda. Ni mara chache historia hujichekesha namna hiyo. (Kwa upande wa Makueni, kituo cha zamani cha Sultan Hamud kilipewa jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu 1896 hadi 1902.)

Lakini ni nini kinachojulikana juu ya Syokimau mwenyewe? Masimulizi humweka katika vilima vya Iveti au penginepo, humfanya mganga na mwaguzi, na baada ya utabiri hayana la kuongeza. Hakuna ugomvi wake na mtu, hakuna kosa lake, hakuna kifo chake. Zaidi ya hayo, utabiri wa nyoka wa chuma si wake peke yake: Wagikuyu huusimulia kwa jina la Mugo wa Kibiru, na Wanandi wanaye Kimnyole, aliyeuawa mwaka 1890. Hii ni kaida ya kimasimulizi ya eneo zima, iliyoshika umbo baada ya reli kupita, ili kuweza kusema kwamba wenyeji hawakushtukizwa. Upekee wa Ukambani ni kwamba wao walimpa mwanamke kauli hiyo. Hilo halikutokea kwa bahati. Katika ngoma ya kilumi, ambayo ni ya wanawake hasa, mizimu huwapanda wachezaji na kusema kwa vinywa vyao, kuomba mvua au kudai sadaka katika ithembo. Mamlaka ya kusema mambo yajayo yalikuwa tayari mikononi mwa wanawake wazee. Syokimau ni jina ambalo mamlaka hayo yalikusanywa ndani yake, na gharama ya kukusanywa huko ni kwamba maisha yake binafsi yaliachwa nje.

Utawala wa kikoloni haukuyadharau mamlaka hayo. Mwaka 1911 Ukambani ulikumbwa na wimbi la kupagawa na mizimu ambalo maafisa waliliita wazimu na kulihofia kama uasi. Miongoni mwa majina yanayotajwa katika habari hizo ni la Syotune wa Kathuke. Katika pwani, miaka miwili baadaye, Mekatilili wa Menza alitumia ngoma ya kifudu kuwahamasisha Wagiriama, akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurudi. Mekatilili anajulikana leo kwa undani kuliko Syokimau kwa sababu isiyo ya kifasihi: serikali ilimfungulia jalada. Na mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo, walioandamana na kupiga kambi mjini walikuwa maelfu ya wanaume, wanawake na watoto. Muindi alihamishiwa Lamu, na mtaa wa Nairobi una jina lake. Wanawake waliolala nje wiki kadhaa, waliopika na kuwanyamazisha watoto, wamebaki neno moja katika sentensi: "wanawake".

Hali ni hiyo hiyo kwa mwethya, vikundi vya kazi ambavyo wanawake walivitumia kuchimba matuta na mabwawa katika Machakos, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa pamoja na Makueni. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki, More People, Less Erosion (1994), kiliisimulia ardhi hiyo iliyookolewa. Ni kitabu cha udongo na mavuno, hakikukusudia kuwa cha watu. Nguvu ya vikundi hivyo ilionekana kwingine. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 wanawake sita tu walichaguliwa kuingia bungeni nchini Kenya, na watatu kati yao walitoka Kitui na Makueni: Nyiva Mwendwa wa Kitui West, Charity Ngilu wa Kitui Central, na Agnes Ndetei wa Kibwezi. Mwendwa akawa waziri wa kwanza mwanamke mwaka 1995. Ngilu akagombea urais mwaka 1997. Magazeti yalipenda kulieleza jambo hilo kwa kumtaja Syokimau. Maelezo ya karibu zaidi ni kwamba wapigakura walikuwa wamewazoea wanawake wenye kuongoza kazi.

Filamu za Kijapani husaidia pia hapa, kwa sababu hazimlazimishi mwanamke jasiri awe mwema. Katika Princess Mononoke (1997), Miyazaki anawakabilisha wanawake wawili: San, aliyelelewa na mbwamwitu na anayeutetea msitu, na Eboshi, mtawala wa mji wa chuma, aliyewatoa wanawake madanguroni na kuwapa kazi na heshima wagonjwa wa ukoma, na ambaye anaukata msitu huo huo ili tanuri ziwake. Hakuna kati yao anayetangazwa kuwa mshindi. Mwaka 2018, Ngilu akiwa gavana, Kitui ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Waliokuwa wakiishi kwa makaa, wengi wao wanawake, waliona upande mmoja wa jambo hilo, na waliokuwa wakichota maji katika mito iliyokauka waliona upande wa pili. Fasihi andishi ya Kiswahili bado haijampata Eboshi wake. Wahusika wake wa kike wenye nguvu hutakiwa wawe na haki pia, na hivyo hugeuka mabango.

Filamu ya tatu inahusu mtafiti mwenyewe. Katika Millennium Actress (2001) ya Satoshi Kon, mtengenezaji filamu anamhoji mwigizaji mzee, Chiyoko, na kadiri anavyosimulia, mhoji na mpigapicha wake wanajikuta wameingia ndani ya kumbukumbu zake, wakikimbia naye kutoka zama hadi zama. Mkusanyaji wa fasihi simulizi huingia vivyo hivyo, ila mara nyingi hujifanya hakuingia. Jalada la mkusanyo hubeba jina lake, na fanani, ambaye katika mbano kwa kawaida ni mwanamke mzee, huwa "msimulizi". Mwikali Kieti, aliyeshirikiana na Peter Coughlin katika Barking, You'll Be Eaten! (1990), ni miongoni mwa wachache waliolikabili suala la mbano akiwa mwanamke na akiwa mwenyeji.

Kwa watafiti wanaoandaa tasnifu, uwanja uko wazi upande wa pili wa mto. Kwa desturi ya Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake na wa pili jina la mama wa mama yake. Msichana wa rehani aliyeolewa huko na kuzaa alipata kwa hiyo wajina, kizazi baada ya kizazi, na kuna nyumba katika nchi hizo ambazo wazee wake bado husema kwamba bibi fulani alitoka Ukambani wakati wa njaa. Wajina hao huenda wamelirithi jina alilopewa alipofika, wala si lile alilopewa Kitui siku ya tatu pamoja na mkufu wa siku ya nne. Nasaba hizo zinaweza kuandikwa, na zikilinganishwa na majina yanayokumbukwa bado upande wa Kitui ya mabinti waliokwenda na hawakurudi, yapo matumaini kwamba baadhi yao yatakutana. Wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka.